Fedha za matumizi madogo ya halmashauri: anza na kasiki, daftari baadaye

Ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikiwasilishwa bungeni mwezi wa nne, vichwa vya habari huwa ni vya mabilioni: makusanyo ya mashine za POS, zile za kukusanyia mapato, yasiyofika benki, miradi iliyolipwa ikiwa bado haijakamilika. Fedha za matumizi madogo ya ofisi hazitajwi kabisa. Mimi ni mkaguzi wa ndani wa halmashauri, na naona tunazidharau bure. Tangu malipo yaingie kwenye MUSE, mfumo wa kielektroniki wa ulipaji serikalini, pesa inatoka akaunti kwenda akaunti. Hii ya kasiki ni miongoni mwa fedha chache za matumizi ambazo mtumishi bado anazishika mkononi, noti kwa noti.

Utaratibu wenyewe ni wa masurufu ya kudumu. Ofisi inapewa kiwango maalumu, anateuliwa mtunzaji mmoja kwa barua, naye analipia vitu ambavyo haviwezi kusubiri hati ya malipo: kuziba pancha ya pikipiki ya afisa ugani, kutuma kifurushi cha nyaraka kwa basi, kuchonga ufunguo, maji ya kunywa ya kikao. Zikikaribia kuisha, anapeleka vocha zake kwa Mweka Hazina, zinakaguliwa, anajaziwa kiasi kilekile alichotumia. Hapa ndipo penye nguvu ya mfumo huu: saa yoyote ile, taslimu iliyopo ukijumlisha na vocha ambazo hazijarejeshwa lazima upate kiwango kilichoidhinishwa.

Kwa hiyo nikienda kukagua kwa kushtukiza, daftari silifungui kwanza. Namwomba mtunzaji afungue kasiki, ahesabu mwenyewe huku naangalia. Tuseme kiwango ni shilingi 500,000. Taslimu ni 187,500, vocha ni 262,500. Jumla 450,000. Mara nyingi hapo hutolewa kikaratasi kilichokunjwa: jina la mkuu wa idara, "50,000, nitarudisha mwisho wa mwezi", na saini.

Kikaratasi hicho si vocha. Hakina kasma, yaani fungu la bajeti linalolipia, hakina kazi ya ofisi iliyofanyika, na aliyekiandika ni bosi ambaye mtunzaji hawezi kumkatalia. Ndiyo maana huwa simwandikii hoja ya ukaguzi mtunzaji peke yake. Jina la aliyechukua linaingia kwenye taarifa, na inakwenda kwa Mkurugenzi. Kumwachia karani wa cheo cha chini akabane wakubwa wake ni kumwonea. Halmashauri inayotaka kumlinda impe waraka wa Mkurugenzi ubandikwe ukutani juu ya kasiki: hakuna kukopeshana fedha hizi, kwa cheo chochote.

Risiti nazo zina mambo. Niliwahi kushika risiti tatu za EFD (mashine ya risiti za kielektroniki) za duka moja, siku moja, zilizopishana dakika chache, zote za ununuzi wa karatasi na wino. Kila moja ilikuwa chini kidogo ya kikomo cha malipo ya mara moja. Hayo ni manunuzi makubwa yaliyokatwa vipande yasipitie NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na yanajulikana ukipanga vocha kwa tarehe na muuzaji badala ya kuzisoma mojamoja. Risiti ya EFD huwa na saa na msimbo wa kuhakiki kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato (TRA). Uhakiki huo hauchukui dakika.

Ila tusidai risiti hiyo pasipo na busara. Bodaboda aliyepeleka barua kata ya mbali hana EFD. Ukimlazimisha mhudumu alete, atakuletea ya duka la vifaa vya ofisi, na sasa umepata vocha ya uongo kwa safari iliyofanyika kweli. Napendelea aliyelipwa aweke jina, namba ya simu na saini kwenye vocha yenyewe, na ofisa aliyemtuma athibitishe. Ukiwa na shaka, unapiga simu.

Anayetunza fedha asiwe anayeidhinisha, hilo linajulikana. Linalosahaulika ni makabidhiano. Mtunzaji akienda likizo, kasiki ihesabiwe mbele ya anayepokea, wasaini wote wawili, na ufunguo usiachwe kwenye droo ya mtu mwingine. Na ifikapo Juni 30, mwaka wa fedha unapofungwa, taslimu iliyobaki ipelekwe benki na vocha zote ziingizwe kwenye vitabu vya mwaka huo. Ukizivusha hadi Julai, matumizi ya mwaka uliopita yatakula bajeti ya mwaka mpya, na wakaguzi wa nje wakija hutakuwa na la kuwajibu.