Mapango ya Amboni na somo la kutafuta chanzo

Swali ninaloanza nalo kidato cha pili halihusu kompyuta hata kidogo. Nawauliza: mapango ya Amboni yanaishia wapi? Darasa zima linalipuka. "Mombasa, mwalimu!" "Hapana, Kilimanjaro! Kuna Wazungu waliingia na mbwa wao, hawakuonekana tena, mbwa akaja kutokea Kilimanjaro." Watoto wa Tanga wamekua na hadithi hiyo, na mapango yenyewe yako kilomita chache tu kaskazini mwa mji, ukishika barabara ya Horohoro.

Kisha nauliza: nani kakwambia? Kelele zinapungua. Babu. Yule aliyetutembeza siku ya ziara. Watu wanasema. Mtandaoni.

Nafundisha kompyuta sekondari hapa Tanga mjini. Miaka ya mwanzo nilifundisha kama nilivyofundishwa mimi: hii kibodi, hii kipanya, hapa unawashia, hapa unazimia. Muhula ulipoisha watoto walijua kuchapa barua ya kuomba kazi, na jioni hiyohiyo wakasambaza kila kilichotua kwenye simu ya mama. Nikabadili mpangilio. Kuchapa kunaweza kusubiri. Mtoto asiyejua kuuliza habari imetoka wapi anaumia leo, tena anaumiza na wenzake.

Basi Amboni inakuwa kazi ya vipindi vitatu. Nina mashine 9 zinazowaka na wanafunzi 54, kwa hiyo kila kundi lina watu 6. Kundi linatafuta kurasa zinazosimulia habari ya yule mbwa, halafu linanakili sentensi zenyewe kwa kalamu, daftarini. Kalamu ina sababu yake: mkono unalazimisha jicho lisome. Sentensi zikipandishwa ubaoni, watoto wanaona wenyewe kwamba nyingine zinafanana neno kwa neno, hadi koma ilipo. Kurasa tano walizodhani ni mashahidi watano zinageuka kuwa shahidi mmoja aliyenakiliwa. Zile zisizofanana nazo zinapingana: huku Wazungu wawili, kule mmoja, huku Kilimanjaro, kule Mombasa. Hakuna ukurasa unaosema nani alimwona huyo mbwa, wala lini. Mwaka mmoja kijana wa benchi la nyuma aliuliza, "Mwalimu, walimjuaje kuwa ni mbwa yuleyule?" Nilisimamisha kipindi nikawaambia wote waandike swali hilo.

Wala siwafundishi kudharau hadithi za wazee. Hadithi ina kazi yake, na naipenda. Ila nataka mtoto aitofautishe na jambo ambalo lina mahali pa kwenda kulihakiki. Kwamba mapango yale ni ya mawe ya chokaa yaliyomumunywa na maji kwa muda mrefu mno, unaweza kuuliza mtu wa jiolojia au kwenda kushika ukuta. Kwamba Osale Otango alihusishwa na mapango hayo miaka ya 1950, alipokuwa akisakwa na polisi wa mkoloni, kuna kumbukumbu za kufuatilia.

Kitu kinachowashangaza zaidi ni kuambiwa kwamba jibu la kwanza kwenye Google halikuwekwa juu kwa sababu ni la kweli. Ile ni mashine ya kupanga. Inatazama maneno uliyoandika, kurasa zinazoyataja, kurasa nyingine zinazoelekeza huko, na mengine mengi, kisha inakisia unachotafuta. Yaliyoandikwa kuwa ni tangazo yamelipiwa yawe hapo. Programu za akili mnemba nazo ni hivyohivyo: zinaunga maneno kwa ufasaha, na Kiswahili chake siku hizi ni kitamu, ila utamu wa sentensi hauthibitishi mwaka uliotajwa ndani yake. Tulipoiuliza mojawapo habari ya mbwa mara mbili, tulipata majibu mawili, yote yamejiamini.

Umeme ukikatika hatutoki. Tunasoma anwani za tovuti ubaoni, na kwa kweli hili ndilo somo ninalolipigania kuliko yote, maana halihitaji mashine hata moja. Naandika:

https://necta.go.tz.matokeo-haraka.com/kidato4

Ni mfano wangu wa kubuni. Nauliza, mwenye tovuti hii ni nani? Wengi wanasema Baraza la Mitihani, yaani NECTA, kwa kuwa jicho limeanzia kushoto. Nawaonyesha: ruka mikwaju miwili ya mwanzo, tafuta mkwaju unaofuata, simama hapo, kisha rudi kushoto. Unakutana na "com", halafu "matokeo-haraka". Huyo ndiye mwenye nyumba. Yaliyotangulia ni maneno aliyoyabandika mlangoni mwake. Kwenye anwani ya kweli, ukirudi kushoto unakuta "go.tz", na hiyo ni ya taasisi za serikali. "sc.tz" ni ya shule, "ac.tz" ya vyuo, "co.tz" ya biashara, na hiyo ya mwisho haikuhakikishii uaminifu wa mtu. Matokeo ya NECTA huonekana bure kwenye tovuti yake. Anayekudai hela uyaone, au anayekuuzia mtihani kabla haujafanyika, ni wa kumkimbia.

Mtoto wa hapa akitumwa samaki soko la Deep Sea, anafunua mashavu aone kama bado mekundu kabla hajatoa hela. Mkono huohuo ndio ninaoutaka kwenye simu.

Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo mazoezi ya ujumbe wanafanyia nyumbani, kwenye simu za wakubwa. Hapo ndipo tunapokutana na ule ujumbe wa matapeli, "Ile pesa tuma kwenye namba hii". Watoto wanacheka, mpaka nieleze inavyonasa. Mtumaji hakujui. Anatupa ujumbe kwa maelfu, na kati yao lazima yupo ambaye kweli anadaiwa na jana kaahidi kutuma leo. Huyo akisoma, anaona ni mdai wake. Kwa hiyo: mpigie mdai kwa namba unayoijua siku zote, na usome jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Ujumbe wenyewe, pamoja na namba iliyoutuma, upeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli. Ukipiga *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na mzazi mmoja hivyo ndivyo alivyokuta laini asiyoifahamu. Na zile tarakimu 6 za WhatsApp "zilizokuja kwako kimakosa" hazikukosea njia: ni ufunguo wa akaunti yako, na anayeziomba anataka kuingia.

Kazi ya kufungia muhula ni moja. Kila mwanafunzi anachukua ujumbe mmoja uliosambazwa kwenye kundi la familia, anaufuatilia nyuma kadiri awezavyo, anaandika ukurasa mmoja: niliuliza nani, nilifungua wapi, nilikwama wapi. Anayeandika "nimeishia kwa shangazi, naye hakumbuki aliupata kwa nani" anapata alama zote kama hatua zake zinaonekana. Mwanzoni hawaamini. Mwaka jana binti mmoja alirudi na daftari mara mbili kuniuliza kama nimekosea kusahihisha.