Kuandika 300 hakuisafishi picha

Nimeletewa tena faili lililoitwa "final HD 300dpi". Ndani yake kuna skrinishoti ya stetasi ya WhatsApp, na mwenyewe anataka bango la mita mbili. Namwambia halitatoka vizuri, ananijibu kwa kujiamini: "Kaka, mbona nimeshaiweka 300?" Nimechoka kulieleza hili kaunta. Naliandika hapa, na kuanzia leo nitakuwa natuma linki.

Picha ya kidijitali ina pikseli, yaani vidoti vya rangi, kwa upana na pikseli kwa urefu, basi. Yenye 600 kwa 800 ina pikseli 480,000, uiandikie DPI 72, 300 au 5,000. Namba hiyo ni maagizo kwa printa tu: pikseli ngapi zipangwe kwenye inchi moja. Ukisema 300, zile 600 zinaishia inchi 2, yaani sentimita 5 na kidogo. Ukisema 72 zinafika inchi 8 na ushee, ila utazihesabu kwa macho. Kubadilisha namba peke yake ni kuandika "kilo tano" juu ya mfuko wenye unga wa kilo moja.

Najua imani hii inatoka wapi. Kwenye Photoshop, dirisha la ukubwa wa picha lina kisanduku kidogo cha tiki. Tiki ikiwepo, ukitoka 72 kwenda 300 programu haibadilishi maagizo tu, inatengeneza pikseli mpya: upana wa 600 unakuwa 2,500. Faili linanenepa, mtu anaona MB zimepanda, anaamini picha imepata afya. Kilichotokea ni kwamba habari zilizokuwa kwenye pikseli moja zimesambazwa kwenye pikseli 17 hivi. Programu imeangalia majirani, ikakadiria rangi ya katikati, ikapaka. Kope ambazo kamera haikuziona hazitatokea hapo.

"Si kuna akili mnemba siku hizi?" Ipo, na naitumia. Lakini hiyo haikadirii katikati, inabuni. Kwenye ukuta au majani sina neno nayo. Tatizo ni picha za msiba. Familia inaleta picha ndogo ya marehemu iliyokatwa kwenye picha ya harusi ya watu ishirini, wanataka ya fremu na za fulana, na mazishi ni kesho. Programu inarudisha uso safi kabisa, wenye meno na mikunjo ambayo marehemu hakuwa nayo. Kuna wanaofurahi, na kuna mama anayetazama akasema huyu siye mwanangu, na yuko sahihi. Sijapata msimamo hapa. Kwa sasa nachapa mbili ndogo, ya asili yenye ukungu na ile iliyobuniwa, nawaachia wenye msiba wachague.

Hata hiyo 300 si msahafu. A4 nzima kwa 300 inataka pikseli 2,480 kwa 3,508, na ni kipimo kizuri kwa kitu cha kushika mkononi. Lakini nikichapa kwa 240 kwenye karatasi ya kawaida, macho yangu hayaoni tofauti, na nina shaka na wanaodai wanaiona. Bango la kutazamwa kutoka ng'ambo ya barabara mimi nalikubali hata kwa 50. Mita mbili kwa 50 ni pikseli 4,000 hivi, ambazo kamera ya simu ya megapikseli 12 inazitoa bila jasho. Yaani picha uliyopiga mwenyewe ilikuwa inatosha kabla hujaifikisha kwenye stetasi, ambako WhatsApp inaipunguza.

Kupunguza pikseli ni rahisi. Paint ni Ctrl+W, IrfanView (programu ndogo ya kutazama na kurekebisha picha) ni Ctrl+R. Acha tiki ya kulinda uwiano ilipo, maana pasipoti zenye nyuso zilizovutwa nimeziona za kutosha. Pasipoti ya milimita 35 kwa 45 kwa 300 ni pikseli 413 kwa 531. Tovuti ikikataa kwa sababu ya KB, punguza pikseli kwanza ndipo uguse ubora. Hifadhi kwa jina jipya; ulichopunguza hakirudi.

Kuhusu kugeuza: picha iliyosimama kwenye simu na kulala kwenye kompyuta haijaharibika. Mara nyingi simu haigeuzi pikseli, inaandika tu kwenye EXIF, maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, kwamba picha isimamishwe hivi, na programu za zamani, kama kitazama picha cha Windows 7, hazisomi maandishi hayo. IrfanView ina njia ya kugeuza JPEG nyuzi 90 bila kuikandamiza upya, Shift+J. Inafanya kazi safi kama vipimo vinagawanyika kwa 8 au 16. Visipogawanyika, ukingo mmoja unasumbua. Kunyoosha picha iliyoinama nyuzi 3 hakuna njia isiyogusa ubora, lazima ihifadhiwe upya. Ukihifadhi mara moja kwa ubora wa 95, hakuna atakayejua.

(IrfanView ni bure nyumbani. Mwenye duka, nunua leseni.)

Ukinitumia picha ya kuchapa, iombe kwa aliyeipiga, si kwa aliyeiposti. Kwenye WhatsApp bonyeza kiambatisho, chagua hati, ndipo uitafute humo, ili isipunguzwe njiani. Jina la faili liache kama kamera ilivyoliandika.