Uchaguzi wa Marekani kwa macho ya walio nje: dhana potofu na ukweli

Kwetu Afrika Mashariki, uchaguzi wa rais wa Marekani ni shughuli ya usiku. Georgia inapofunga vituo vya kupigia kura, huku ni saa tisa usiku. California inafunga wakati jua limeshachomoza na watu wako njiani kwenda kazini. Anayekesha huona ramani ikipakwa nyekundu na bluu, husikia majina mawili usiku kucha, na kukipambazuka anakuwa mtaalamu. Nami nimewahi kuwa mtaalamu wa namna hiyo, mpaka nilipoanza kufuatilia jinsi kura zenyewe zinavyohesabiwa.

Tunachokiona kwenye televisheni ni watu wawili wakipambana. Kinachoamua ni sheria za majimbo 50, maofisa wa kaunti wasiojulikana hata na jirani zao, na mambo ya nyumbani ya wapiga kura ambayo sisi hatuyasikii kabisa.

“Mwenye kura nyingi ndiye rais”

Hii ndiyo dhana kongwe kuliko zote. Umweleze mtu mara kumi, uchaguzi ujao atairudia, kwa sababu akilini mwake kura zote za nchi hujumlishwa kwenye kapu moja. Marekani kapu hilo halipo kisheria. Rais huchaguliwa na wajumbe 538, na mgombea anahitaji 270. Kila jimbo lina wajumbe sawa na idadi ya wabunge wake wa Baraza la Wawakilishi, ukijumlisha na maseneta wake wawili. Jiji la Washington nalo lina watatu. Anayeongoza jimboni, hata kwa kura moja, anazoa wajumbe wote, isipokuwa Maine na Nebraska, ambako baadhi yao hugawanywa kwa wilaya za ubunge.

Ndiyo maana mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 3 na bado akabaki nje ya Ikulu. Al Gore alimzidi George W. Bush kwa zaidi ya nusu milioni mwaka 2000, yakamkuta yaleyale. Ross Perot, tajiri wa Texas aliyesimama bila chama mwaka 1992, alipata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima. Wajumbe wake? Sifuri. Wapo wanaodhani sheria ya Marekani inaruhusu vyama viwili tu. Hapana, wagombea wengine huwa wapo kwenye karatasi ya kura. Hesabu hii ndiyo inayowameza.

Lakini mfano ninaoupenda mimi ni wa 2020, kwa kuwa huo ulionekana mwepesi. Joe Biden alimpita Trump kwa kura milioni 7 hivi, na ukiwa mbali unasema hapakuwa na mashindano. Sasa tazama majimbo matatu tu. Georgia, tofauti ilikuwa kura 11,779. Arizona, 10,457. Wisconsin, 20,682. Zote pamoja hazifiki 43,000, watu wanaoenea kwenye uwanja mmoja wa mpira na viti vikabaki. Majimbo hayo matatu yangeangukia upande wa pili, wajumbe wangekuwa 269 kwa 269, na uamuzi ungekwenda Baraza la Wawakilishi. Huko nako kila jimbo lina kura moja, California yenye watu karibu milioni 40 ikiwa sawa na Wyoming isiyofikisha laki sita na nusu.

“Tume yao imeshatangaza”

Hakuna tume ya namna hiyo. Kipo chombo cha serikali kuu chenye jina linalokaribiana, lakini kazi yake ni kufuatilia fedha za kampeni. Hakihesabu kura, wala hakimtangazi mtu. Uchaguzi ni wa majimbo, na majimbo nayo huziachia kaunti na miji midogo kazi kubwa. Kaunti peke yake ni zaidi ya 3,000, na karatasi ya kura ya huku si ile ya kule, mashine za huku si zile za kule.

Yule mshindi unayemsikia alfajiri ametajwa na vyombo vya habari. Shirika la Associated Press limekuwa likifanya hivyo tangu 1848: linapiga hesabu, likiona aliye nyuma hana tena pa kumfikia aliye mbele, linamtaja mshindi. Matokeo ya kisheria yanafuata polepole. Majimbo huyathibitisha, wajumbe hupiga kura zao Desemba, kila kundi kwenye jimbo lake, na Bunge la Congress hukaa tarehe 6 Januari kuzihesabu. Tarehe 20 Januari, saa sita mchana kwa saa za Washington, ndipo rais anaapishwa.

Pengo kati ya televisheni na hesabu halisi lilionekana waziwazi Florida mwaka 2000. Usiku mmoja, televisheni zilimpa Gore jimbo hilo, zikamnyang’anya, zikampa Bush, zikamnyang’anya na yeye. Mwishowe tofauti ilikuwa kura 537 kati ya karibu milioni 6. Katika kaunti kadhaa mpiga kura alikuwa akitoboa kadi kwa kijiti chenye ncha, mashine ikasoma tundu. Sasa kile kijikaratasi kinachotobolewa kisipodondoka, kikabaki kinaning’inia kwa kona moja, mashine haioni kitu. Basi maofisa wakakaa mezani, kadi imeinuliwa kwenye mwanga, lenzi mkononi, jicho limekazwa, mawakili wa pande zote wakichungulia begani, wakibishana kama kibonyeo kilichoachwa na kijiti ni kura au si kura.

Kaunti ya Palm Beach ilikuwa na kisa chake. Majina ya wagombea yalipangwa kushoto na kulia, matundu yakiwa katikati. Jina la Gore lilikuwa la pili upande wa kushoto, lakini tundu lake lilikuwa la tatu. Tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, mgombea wa chama kidogo, aliyeandikwa upande wa kulia. Buchanan akapata kura zaidi ya 3,400 kwenye kaunti hiyo, na mwenyewe akakiri kwenye televisheni kwamba nyingi huenda hazikuwa zake. Mzozo wa Florida ukaishia Mahakama ya Juu tarehe 12 Desemba, majaji watano dhidi ya wanne. Ukisikia mtu anasema Wamarekani wana mfumo wa kisasa usio na dosari, mwambie habari za kijikaratasi.

“Kura zinazochelewa zimepikwa”

Hapa dhana haitoki nje peke yake, maana Wamarekani wengi wanaiamini pia. Sisi tunaipokea kwa urahisi kwa sababu nasi tumeshaona kwingine masanduku yakichelewa njiani. Ila sababu ya Marekani imeandikwa kwenye sheria. Pennsylvania inawakataza maofisa kuanza kufungua bahasha za kura za posta kabla ya saa moja asubuhi ya siku yenyewe ya uchaguzi. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, bahasha hizo zilikuwa zaidi ya milioni 2 katika jimbo hilo moja, na wafuasi wa Democratic, chama cha Biden, ndio waliopenda zaidi kupiga kwa posta. Trump akaanza akiongoza, bahasha zikafunguliwa, uongozi ukayeyuka. Uchaguzi ulikuwa Jumanne, Biden akatajwa mshindi Jumamosi. Kesi zaidi ya 60 zilifunguliwa kupinga matokeo, na hazikuyabadilisha.

“Wanachagua kiongozi wa dunia”

Wao wanachagua mambo mengi, na dunia mara nyingi haimo. Chukua karatasi ya kura ya mpiga kura wa kawaida. Juu kuna rais. Chini yake seneta, mbunge wa Congress, wabunge wa jimbo lake, pengine majaji, mkuu wa polisi wa kaunti, wajumbe wa bodi ya shule, kisha maswali ya ndiyo au hapana kuhusu kodi, bangi, au mkopo wa kukarabati mabomba ya maji. Mtu anaweza kusimama dakika ishirini na karatasi hiyo, na jambo lililomtoa nyumbani likawa ni lile la bodi ya shule.

Rangi ya jimbo kwenye ramani haikuambii hayo. Florida mwaka 2020 ilipakwa nyekundu, rangi ya Republican, chama cha Trump, naye akaichukua. Siku hiyohiyo, wapiga kura haohao walipitisha kima cha chini cha mshahara kipandishwe hadi dola 15 kwa saa, jambo linalohubiriwa zaidi na chama cha pili, tena kwa zaidi ya asilimia 60. Tukiwa mbali tunawagawa makundi mawili, wema na wabaya kulingana na anayetazama. Mpiga kura wa Florida hakujigawa hivyo.

Halafu si raia wote wanaopiga. Watu wa Puerto Rico, zaidi ya milioni 3, ni raia wa Marekani kwa kuzaliwa, lakini wakiwa kisiwani kwao hawapigi kura ya rais mwezi Novemba. Mtu akihama San Juan, mji mkuu wa kisiwa hicho, kwenda kuishi Orlando jimboni Florida, anajiandikisha na kupiga. Akirudi kuishi San Juan, haki hiyo anaiacha uwanja wa ndege. Raia yuleyule, pasipoti ileile.

“Akishinda wetu, tumeokoka”

Novemba 2008 Kenya ilitangaza tarehe 6 kuwa siku ya mapumziko kwa ajili ya ushindi wa Barack Obama. Furaha ile ilikuwa halali, baba yake alikuwa Mkenya wa Kogelo, na ningekuwa mimi ningecheza pia. Ila matarajio yaliyofuata ndiyo yaliyokuwa na hitilafu. Obama akiwa rais alikanyaga Kenya kwa mara ya kwanza Julai 2015, mwaka wa saba wa utawala wake.

Wakati huohuo, mpango mkubwa wa dawa za UKIMWI, PEPFAR, ambao umewaweka hai watu wengi katika nchi zetu, ulianzishwa mwaka 2003 na George W. Bush wa Republican, rais ambaye nusu ya dunia ilikuwa inamzomea kwa vita vya Iraq. Huyohuyo Februari 2008 alikuja Dar es Salaam na kutia saini pamoja na Rais Kikwete mkataba wa msaada wa dola milioni 698 kwa barabara, umeme na maji. Kumpima mgombea wa Marekani kwa ukoo wake, au kwa anavyopendwa huku, hakujatusaidia kubashiri lolote.

Na mamlaka ya rais yana mipaka yake. Siku ya tatu kazini, 22 Januari 2009, Obama alisaini amri ya kufunga gereza la Guantanamo ndani ya mwaka mmoja. Congress ikazuia fedha za kuwahamisha wafungwa. Akamaliza miaka minane, gereza lipo.

Lakini tusijidanganye pia kwamba rais ni pambo tu. Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile aliyoapishwa, Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kabla mwaka haujaisha shirika la USAID likawa limefungwa. Zahanati zilizoumia zilikuwa za huku. Wapiga kura wa Pennsylvania waliomrudisha madarakani walikuwa wamesikia kampeni ya bei za vyakula na mipaka, na sina uhakika kama mmoja kati ya mia aliwahi kuifikiria zahanati.

“Nasi tulio nje tunaweza kusukuma kidogo”

Kwa pesa hairuhusiwi. Sheria ya shirikisho inamkataza mgeni kuchangia kampeni. Mwenye grinikadi anaweza kuchangia, ila kura hapigi. Kwa maneno hakuna anayekuzuia, na hilo lilishajaribiwa.

Oktoba 2004, gazeti la The Guardian la Uingereza lilichagua kaunti ya Clark katika jimbo la Ohio, mahali ambapo Gore alikuwa ameshinda kwa kura mia chache tu miaka minne kabla. Likawaalika wasomaji wake wapewe jina na anwani ya mpiga kura wa huko, wamwandikie barua ya heshima kumweleza dunia inavyouona uchaguzi wao. Maelfu wakajitokeza. Barua zikavuka bahari, moja baada ya nyingine, zikatua kwenye visanduku vya posta vya watu ambao hawakuomba ushauri wa mtu.

Majibu yakaanza kurudi, mengi hayaandikiki hapa. Yale ya upole yaliwakumbusha Waingereza vita ya uhuru ilipiganwa dhidi ya nani. Gazeti likausitisha mpango mapema. Novemba, kati ya kaunti zote za Ohio zilizokuwa zimempa Gore ushindi mwaka 2000, moja tu ilihamia kwa Bush. Ilikuwa Clark.