Makala ya Saikolojia Ianze Kusomwa Kwenye Mbinu

Mwanafunzi anayefika kwenye dawati la maktaba yetu akiwa na mada ya sonona kwa wanafunzi wa vyuo kwa kawaida huwa ameshatafuta makala kwa simu yake usiku kucha, naye huja na moja kati ya malalamiko mawili: ama amepata makala maelfu kwa maelfu, ama hakupata hata moja inayomfaa. Chanzo huwa kilekile, nacho ni neno aliloandika. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema mtu "ana mawazo" tukimaanisha huzuni ya kufiwa, hofu ya mtihani, deni la ada, au ule ugonjwa wenyewe wa sonona. Kanzidata za kitaaluma haziyaweki mambo hayo kapu moja. Anayeandika "stress" ataletewa msongo, ambao ni kitu kingine, na anayeandika "depression" peke yake kwenye Google Scholar atakutana na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 na hata makala za wataalamu wa hali ya hewa.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kompyuta, andika swali lako kwa sentensi moja ya Kiswahili, kisha uligawe: ni watu gani, tatizo gani, mahali gani. Kila kipande kitafutie maneno yake ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha inayotawala kanzidata hizo, na maneno yanayokwenda pamoja uyafunge kwa alama za kunukuu, kwa mfano: "depressive symptoms" AND "university students" AND Tanzania. Matokeo yakiwa machache mno, ondoa nchi kwanza, si tatizo unalolichunguza.

Kanzidata kubwa ya fani hii ni PsycINFO ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambayo mizizi yake ni jarida la muhtasari lililoanza mwaka 1927, nayo hulipiwa. PubMed, inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ni bure kwa yeyote. Muulize pia mkutubi wako kama chuo kimesajiliwa Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka 2002, kwani unafungulia taasisi, si mtu mmoja mmoja, majarida ambayo bei yake hakuna mwanafunzi angeiweza. Na usiipite African Journals Online, ambamo mna majarida ya bara letu ambayo mengine huwezi kuyapata katika kanzidata za nje.

Kupata makala ni kazi ya siku moja. Kuipima ndiko kunakohitaji subira. Ikisiri, yaani ule muhtasari wa mwanzoni mwa makala, imeandikwa na mtu anayetaka usome makala yake, kwa hiyo mimi huwashauri wanafunzi waivuke haraka na waanze na sehemu ya mbinu: walihojiwa watu wangapi, walipatikanaje, na walipimwa kwa kifaa gani.

Chukua mfano wa makala ya mwaka 2010 iliyodai kwamba kukaa kibabe kwa dakika mbili tu hubadilisha homoni za mwili na kumfanya mtu athubutu zaidi. Ilipitiwa na wataalamu wenza, ikachapishwa katika jarida lenye heshima, ikavuma dunia nzima. Washiriki wake walikuwa 42. Mwaka 2015 watafiti wengine walirudia jaribio hilo kwa watu 200: washiriki walisema walijihisi wana nguvu, lakini homoni hazikubadilika wala uthubutu haukuongezeka, na mwaka uliofuata mmoja wa waandishi wa awali akatangaza hadharani kwamba haamini tena matokeo yale. Haikuwa kisa cha pekee. Mradi uliorudia tafiti 100 za saikolojia ulipotoa ripoti yake mwaka 2015, asilimia 36 tu ya marudio ndiyo yaliyokuwa na uzito wa kitakwimu, yaani matokeo yasiyoelezeka kirahisi kuwa ya bahati tu, ilhali katika tafiti za awali ilikuwa asilimia 97.

Kisha uliza washiriki ni akina nani. Uchambuzi wa mwaka 2008 wa majarida sita ya chama hichohicho cha Marekani ulionyesha kwamba asilimia 68 ya sampuli zilitoka Marekani peke yake. Matokeo hayo hayawi batili kwa sababu hiyo, ila hayawezi kuhamishiwa Singida kama mzigo wa basi.

Hapa kifaa cha kupimia kina uzito wa pekee. Hojaji ya PHQ-9, inayopima dalili za sonona, ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na alama zake huanzia 0 hadi 27. Swali moja linahusu kile ambacho Waingereza huita kujisikia "down". Anayelitafsiri "kujisikia chini" ameandika maneno ambayo hakuna Mswahili aliyewahi kuyasema akiwa na huzuni. Makala nzuri itakueleza nani alitafsiri, kama tafsiri ilirudishwa katika Kiingereza na mtu mwingine ili ilinganishwe, na kama kiwango cha alama 10, ambacho hutumika sana kama mpaka wa kushuku sonona, kilijaribiwa kwa watu wa mahali husika. Vilevile, aliyefikisha alama 10 ameonyesha dalili zinazohitaji uchunguzi. Makala inayomwita mgonjwa wa sonona papo hapo imeruka hatua, na utashangaa ni nyingi kiasi gani zinazoiruka.

Majarida kanyaboya hujulikana upesi: hukualika kwa barua pepe yenye sifa tele, huahidi kuchapisha ndani ya siku chache, kisha hudai ada. Makala zilizobatilishwa, yaani zilizotangazwa na jarida kuwa zisitegemewe tena, ni ngumu zaidi kuzitambua, kwa sababu nakala uliyoihifadhi mwaka jana haitakuambia lolote. Mwanasaikolojia Mholanzi Diederik Stapel, ambaye udanganyifu wake ulifichuliwa mwaka 2011, amebatilishiwa makala zaidi ya 50, na nakala zake bado zimo katika kompyuta za watu. Rudi kwenye ukurasa wa jarida lenyewe kwa kila chanzo kabla hujakabidhi kazi, na uweke kumbukumbu ya tarehe na maneno uliyotafutia, maana msimamizi wako atayauliza.