Hatari ya kiwango cha 3: kuusoma mteremko baada ya dhoruba

Dhoruba ikishapita kwenye milima ya Alpi na jua likachomoza, watu hutoka na skii zao, mbao za kutelezea juu ya theluji, kwenda nje ya njia rasmi. Mara nyingi taarifa ya asubuhi hiyo kuhusu hatari ya maporomoko ya theluji husema: kiwango cha 3.

Kipimo hicho cha Ulaya, kilichokubaliwa mwaka 1993, kina ngazi 5, kwa hiyo mtu huiona 3 kuwa hatari ya wastani tu. Sivyo. Hatari haipandi kwa hatua zinazolingana, na kwenye 3 uzito wa mtu mmoja waweza kutosha kuangusha poromoko. Uswisi, karibu nusu ya vifo vya maporomoko hutokea siku za kiwango hiki. Siku za 4 wengi huogopa na kubaki chini; 5 hutangazwa kwa nadra.

Chanzo ni matabaka. Kila dhoruba huweka lake. Baridi kavu ikidumu, theluji iliyo chini hugeuka punje zisizoshikana, kisha upepo wa dhoruba mpya hulaza bamba lililoshikamana juu yake, mithili ya ubao juu ya mtama. Hutulia hivyo mpaka mtu akanyage penye udhaifu. Ufa hukimbia mteremko mzima, naye yuko katikati ya bamba. Katika ajali nyingi za vifo, aliyeliamsha poromoko ni mhanga mwenyewe au mwenzake.

Ndiyo maana namba peke yake haitoshi. Taarifa ya SLF, taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko iliyoko Davos, Uswisi, hutaja pia pande za mlima na urefu kutoka usawa wa bahari ambako hatari imelala, na mimi ningeanza kusoma hapo. Upepo huchota theluji upande unaoupiga na kuirundika upande uliokingwa, kwa hiyo sentimita 30 zilizoanguka zinaweza kuwa lundo la kina kirefu nyuma ya ukingo. Mabamba mengi hukatika kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45. Anayetaka usalama hubaki chini ya nyuzi 30, tena pasipo mteremko mkali juu yake.

Mlima wenyewe nao husema: poromoko jipya upande wa jirani, nyufa zinazotangulia mbele ya skii, mlio mzito wa theluji kutitia chini ya miguu. Moja tu linatosha kukurudisha.

Wengine hujaribu uimara wa matabaka: huchimba shimo kwenye theluji, wakakata nguzo ya sentimita 30 kwa 30, wakaweka sepetu juu na kuipiga: mara 10 kwa kukunja kifundo cha mkono, 10 kutoka kwenye kiwiko, 10 kutoka begani. Nguzo ikikatika mapema, geuza. Isipokatika, usishangilie, hatua chache pembeni jibu laweza kuwa jingine. Nyayo za waliotangulia nazo si ushahidi, kwani bamba huweza kumwangukia mtu wa tano.

Kila mmoja hubeba kifaa cha kutoa mawimbi ili apatikane akifukiwa, fimbo ndefu ya kupekulia ndani ya theluji na sepetu, na mteremko wa mashaka huvukwa na mmoja mmoja. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 hivi huwa na nafasi kubwa ya kuishi. Ikifika nusu saa, wengi wameshakosa hewa. Helikopta ni nadra kuwahi muda huo, hivyo wa kumchimbua ni wenzake waliobaki juu ya theluji.