Kujinoa kwa almasi: kwa nini diski nzuri ni ile inayolika

Diski ya almasi iliyogoma kukata granaiti mara nyingi haijaisha. Ukiigeuza mkononi utaona ukingo wake bado mnene, pengine haujapungua hata nusu, ila uso umekuwa laini na unang'aa. Fundi anakandamiza zaidi, grinda inalia, cheche zinaruka, jiwe linatoa harufu ya kuungua. Mwisho diski inatupwa na lawama anabebeshwa mwenye duka kwamba kauza feki. Feki zipo, na Arusha tunazijua. Lakini kabla ya kurudi dukani kugombana, kuna jambo moja linaloendesha vifaa vingi vya almasi, kuanzia diski ya fundi wa marumaru pale Kwa Mrombo hadi biti inayochoronga mwamba mamia ya mita chini ya ardhi. Jambo hilo ni kujinoa.

Kujinoa ni hali ya kifaa kujitengenezea makali mapya kadiri kinavyofanya kazi, bila mtu kukitia tupa. Panga likikata linazidi kuwa butu. Diski ya almasi, ikitumika kwenye kitu ilichoundiwa, hukata leo kama ilivyokata siku ya kwanza, kwa sababu kila inapozunguka inapoteza ngozi ya juu kidogo na kufunua ya chini yake.

Vile vipande vilivyopangwa kwenye ukingo wa diski si almasi tupu. Ni metali iliyochanganywa na punje za almasi, nyingi zikiwa na upana wa nusu milimita au chini ya hapo. Kiwandani huchukua unga wa metali kama kobalti, chuma au shaba, wakachanganya na punje hizo, wakakandamiza kwenye kalibu na kuchoma mpaka vishikane. Punje zimetawanyika ndani ya kipande chote, juu hadi chini. Kazi ya kukata ni ya almasi. Metali kazi yake ni kushika, na baadaye, kuachia.

Punje hazichani jiwe. Zinakwaruza na kuponda, jiwe linakuwa unga. Unga huo nao haukai bure, kwa kuwa unapita kati ya jiwe na diski ukiisugua ile metali. Aliyepanda barabara za vumbi za Kibosho au Machame baada ya masika amekwisha kuona jambo lenyewe: maji yanachukua udongo, mawe yanabaki yamechomoza. Ndivyo punje ya almasi inavyochomoza kwenye metali. Inafanya kazi, inachoka, kichwa chake kinakuwa butu au kinavunjika na kuacha ncha mpya, na hatimaye metali inayoizunguka inakwisha na punje inadondoka. Kufikia hapo ya chini yake imeshaanza kutokeza.

Kila kitu kinategemea mwendo wa hayo mambo mawili. Metali ikilika polepole kuliko almasi inavyochakaa, punje zote za juu zinakuwa butu, hakuna mpya inayotoka, na uso unang'aa. Hiyo ndiyo diski iliyogoma. Metali ikilika haraka mno, punje zinadondoka zikiwa bado na nguvu, na diski inaisha kabla sebule moja haijakamilika. Mtengenezaji hodari hashindani kutengeneza metali ngumu kuliko wote. Anatafuta metali itakayokufa kwa wakati wake.

Kutokana na hilo inatoka kanuni inayowapotosha watu wengi, mafundi wazoefu wakiwamo: jiwe gumu linataka metali laini, na jiwe laini linataka metali ngumu. Inasikika kama imegeuzwa, lakini fuatilia unga. Granaiti au marumaru ya posilini imeshikana sana, unga wake ni mwembamba na ni mchache, kwa hiyo hauwezi kuisugua metali ngumu. Wakati huohuo ugumu wake unazichosha punje haraka. Bila metali laini, punje mpya hazitoki. Bloku la saruji, zege ambalo bado changa, au lami ni kinyume chake. Havizichoshi punje za almasi, lakini mchanga wake ni wa kukwaruza na unaitafuna metali kwelikweli. Hapo inahitajika metali ngumu ili punje zisiondoke mapema.

Sasa fikiria fundi aliyenunua diski imara ya zege, akaitumia siku nzima kwenye bloku ikaenda vizuri, kesho yake akaipeleka kwenye kaunta ya jikoni ya granaiti. Itagoma, na haitakuwa feki. Dawa yake ni rahisi: pitisha diski mara kadhaa, bila kina kirefu, kwenye bloku la saruji au tofali la kuchoma linalopukutika. Mchanga utakula ile ngozi inayong'aa, punje zitajitokeza, na diski itarudi kukata. Ikigoma tena baada ya muda mfupi kwenye granaiti ileile, basi metali yake ni ngumu mno kwa kazi hiyo, na hakuna tofali litakalobadilisha hilo. Soma pakiti imeandikwa ni ya kukatia nini. Usitegemee rangi, kila kiwanda kina rangi zake.

Mawe yetu ya volkano yana vituko vyake. Jiwe jeusi zito lililoganda bila matundu linaichosha almasi. Lile lenye matundu, jepesi, linalopukutika, linaila metali. Yote mawili yanaweza kutoka pande moja za Meru au Kilimanjaro na yakaitwa kwa jina lilelile na muuzaji wa mawe. Afadhali kukata kipande cha majaribio kabla ya kumpa mteja bei.

Ufundi huu wa metali inayolika haukuwapo tangu mwanzo. Wazo la kuchoronga mwamba kwa almasi linahusishwa na familia ya Leschot: Georges-Auguste, fundi saa wa Geneva, na mwanawe Rodolphe, mhandisi, ambaye alipata hataza ya Marekani mwaka 1863. Walitumia bomba lenye almasi nyeusi kwenye mdomo wake. Bomba likizunguka linakata duara, na katikati inabaki fimbo ya jiwe inayoweza kutolewa nzima na kusomwa. Hadi leo wanajiolojia wa Tanzania wanaotafuta dhahabu au nikeli wanapanga fimbo za namna hiyo kwenye masanduku. Ile almasi nyeusi ilitoka Brazil. Ilipendwa kwa sababu imeundwa na fuwele ndogo nyingi zilizochanganyika ovyo, kwa hiyo haipasuki kirahisi kwa mstari mmoja kama almasi ya pete.

Lakini biti za wakati huo hazikujinoa. Mawe yalipandikizwa kwa mkono, moja moja, juu tu. Jiwe moja likichomoka lilibaki ndani ya shimo likiyasumbua yaliyobaki, na fundi alilazimika kuvuta mabomba yote, kupandikiza upya na kushusha tena. Gharama ilikuwa kubwa, mawe yenyewe yalikuwa adimu. Mabadiliko yalikuja pale watu walipoacha kupandikiza mawe makubwa machache na kuanza kuchanganya punje ndogo nyingi ndani ya unga wa metali. Almasi mbovu, isiyofaa pete wala hereni, ikasagwa na kupata kazi.

Kisha mwaka 1955 kampuni ya General Electric ya Marekani ikatangaza kwamba imetengeneza almasi kiwandani. Tracy Hall, mkemia wake, alikuwa amefanikiwa Desemba 1954, kwa kubana kaboni kwa shinikizo la makumi ya maelfu ya mara kuliko lile la hewa, ndani ya joto la zaidi ya nyuzi 1,000, pamoja na metali iliyoyeyuka. Watu hupenda kusimulia habari hii kama ya vito. Kwa wakata mawe faida ilikuwa nyingine: mtu anayetengeneza punje mwenyewe anaweza kuamua iwe na umbo gani na ivunjike kwa urahisi kiasi gani. Kujinoa kukawa kitu cha kupangwa pande zote mbili, metali na almasi. Tuna mgodi wa Mwadui huko Shinyanga, ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940, na baadhi yetu tungependa kuamini kwamba diski za dukani zina chembe za nyumbani. Hapana. Almasi ya viwandani leo karibu yote ni ya kutengenezwa, na China ndiyo inayoongoza.

Miaka ya 1970 ilileta biti nyingine, ambayo badala ya punje ina tabaka jembamba la almasi lililounganishwa juu ya kitako cha kabaidi ya tangisteni, yaani tangisteni iliyoungana na kaboni ikawa ngumu sana. Inatumika sana kwenye visima vya mafuta na gesi. Nayo inajinoa kwa namna yake: kabaidi ya nyuma inalika haraka kuliko almasi ya mbele, hivyo ukingo wa almasi unabaki umetangulia.

Si kila kinachotoboa mwamba kina almasi, na hapa wengi wanachanganya. Mashine inayokuchimbia kisima kirefu Arusha, ikifika kwenye mwamba mgumu, kwa kawaida inatumia nyundo ya upepo inayoshuka mpaka chini ya shimo. Kichwani mwake kuna vifundo vya kabaidi, si almasi. Almasi ni ngumu kuliko chochote tunachokichimba, ila haipendi kupigwa. Kabaidi, iliyopatikana Ujerumani katika miaka ya 1920, si ngumu kama almasi lakini inavumilia kipigo. Kwa sababu hiyohiyo, ukitoboa zege kwa kichwa cha duara cha almasi ili upitishe bomba la maji, zima ile swichi ya kugonga kwenye drili. Iache izunguke tu. Ukiiacha igonge, utakuwa umenunua almasi ili uivunje. Biti ya kabaidi ya kawaida yenyewe inataka kugongwa.

Vifundo vya kabaidi havijinoi. Vikitumika vinakuwa bapa, na mchimbaji makini huvirudishia mviringo wake kabla havijapasuka. Anavinoa kwa nini? Kwa jiwe la kunolea lenye almasi.

Maji sasa. Kwenye kifaa cha almasi maji yana kazi tatu: kupoza, kuondoa unga, na kuzuia vumbi. Kupoza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa almasi ni kaboni, na ikipata moto wa nyuzi 700 au 800 hewani inaanza kuungua. Ikiwa inasugua chuma chenye moto hali ni mbaya zaidi, kwani chuma cha moto kinanyonya kaboni. Hiyo ndiyo sababu diski ya marumaru haifai kugeuzwa ya kukatia nondo. Kuna diski kavu, zenye nafasi za kupitisha hewa, lakini hata hizo zinataka kuinuliwa na kupumzishwa kila baada ya muda mfupi.

Suala la vumbi lina historia ya huzuni. J. George Leyner wa Colorado alitengeneza, miaka ya 1890, mashine ya kuchoronga yenye chuma chenye tundu katikati, na mwanzoni alipitisha upepo ili kutoa unga shimoni. Ulitoka kweli, ukaingia vifuani mwa wachimbaji, na wakazikataa mashine. Alipopitisha maji badala ya upepo, uvumbuzi wake ukadumu. Huku kwetu jambo hili halijawa historia. Vumbi la mwamba wenye silika, madini yaliyomo hata kwenye mchanga na granaiti, linaharibu mapafu na kuyafungulia kifua kikuu mlango, na wachimbaji wa Mererani ni miongoni mwa wanaopelekwa hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha. Fundi anayekata granaiti kavu ndani ya chumba, na kitambaa tu puani, anavuta vumbi la aina hiyohiyo.

Mwisho ni kwa wakata vito, kwani mjini Arusha hawa ndio wanaoishi na almasi kila siku, hata kama meza zao zimejaa tanzanaiti. Tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, ina ugumu wa kati ya 6 na 7 kwenye kipimo ambacho almasi ni 10. Kuikwaruza si kazi. Kazi ni kuikata bila kuipasua, maana ina upande mmoja inaoachia kwa urahisi mno, na haipendi joto la ghafla. Ndiyo maana kwenye mafunzo ya ukataji, kama yanayotolewa na Kituo cha Jemolojia Tanzania hapahapa Arusha, mtu anaanza na msumeno mwembamba na maji, kisha anapanda hatua kwa hatua kutoka sahani ya punje nene hadi laini. Namba ya sahani ikiwa kubwa, punje ni ndogo: 260 inachonga umbo, 1200 inalainisha.

Sahani nyingi kati ya hizo, pamoja na baadhi ya diski za bei rahisi za marumaru, hazina punje ndani. Zimepakwa tabaka moja tu la almasi lililogandishwa kwa nikeli juu ya chuma. Mpya zinakata kwa ukali wa kutisha, kisha zinapungua taratibu mpaka chuma kinatokeza, na hapo zimekwisha. Hazijinoi na haziwezi kunolewa. Basi kabla ya kuipeleka diski yako kwenye tofali, tazama ukingo wake kwa ubavu. Ukiona kipande cha metali chenye unene wa milimita kadhaa kilichounganishwa na chuma, tofali litaisaidia. Ukiona ni mpako mwembamba wenye chembechembe kwenye chuma kilekile, tofali litaondoa almasi chache zilizobaki, na safari hii utakuwa umeiua mwenyewe.