Dawa za kwenye simu: maswali ninayoulizwa dirishani

Nauza dawa famasi huku Dar, na zamani mteja alikuja na cheti cha daktari mkononi, siku hizi anakuja na simu, ananigeuzia kioo anasema dokta angalia hii. Mara ni picha ya boksi katumiwa na shangazi yake, mara ni skrinshoti ya tangazo. Haya ndo maswali yanayojirudia sana.

Kuna dada anauza dawa kwenye status ya WhatsApp, bei nusu ya kwenu na bodaboda analeta mpaka mlangoni. Ninunue?

Muulize kwanza duka lake liko wapi na linaitwaje, akianza kuzunguka zunguka achana nae. Kuagiza kwa simu sio dhambi, kuna famasi nyingi zinafanya dilivari na Kenya MyDawa wapo kwenye hiyo kazi miaka kadhaa sasa, ila nyuma ya simu lazima kuwe na duka lenye kibali na mfamasia unayeweza kumrudia dawa ikikusumbua. Huyo wa status ukimblock au akikublock ndo mmemalizana. Tena WHO walishasema 2017 kwamba kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban dawa 1 kati ya 10 ni bandia au iko chini ya kiwango, na bandia sio lazima iwe unga wa ngano, inaweza kuwa dawa kweli ila kiwango cha dawa ndani ni kidogo, malaria inalala siku mbili halafu inaamka.

Na ukiwa mkoani usidharau Duka la Dawa Muhimu. Yale maduka yalianzia Ruvuma 2003 kuja kuchukua nafasi ya duka la dawa baridi, muuzaji kapewa mafunzo na ana orodha yake ya dawa anazoruhusiwa kuuza. Bora huyo mara mia kuliko status.

Boksi lina kile kimraba cha kuskani. Nikiskani na simu yangu ikasoma, si ndo dawa orijino?

Hapana, na hapa wengi wanajidanganya. Kile kimraba mara nyingi kimebeba tu namba ya bidhaa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, simu yako inasoma maandishi basi, na mtu wa feki anaweza kukinakili kama anavyonakili boksi lote. Ili kikusaidie lazima kuwe na mfumo wa kujibu kwamba hii pakiti tunaijua na haijauzwa bado. Ulaya wameufanya huo kuwa lazima kwa dawa nyingi za cheti tangu Februari 2019, mfamasia anaskani kabla hajakukabidhi. Nigeria wao walitumia namba ya kukwangua kama vocha, unatuma namba kwa meseji unajibiwa.

Kwa hapa kwetu angalia vitu vya kawaida: namba ya toleo kwenye boksi ifanane na ya kwenye pakiti ya vidonge ndani, tarehe isiwe imefutwafutwa, jina halijakosewa herufi, na jina la dawa unaweza kulitafuta kwenye orodha ya zilizosajiliwa kwenye tovuti ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ukiitilia shaka usiitupe, irudishe na risiti.

Nimeuliza AI ikanipa dozi kabisa, kwanini nipoteze nauli kuja kwako?

Sikatai, hata mimi naitumia kukumbushwa kitu. Shida ni kwamba inajibu ulichouliza na wewe umeuliza nusu. Mtu anauliza dawa ya maumivu ya mgongo anaambiwa diclofenac, hajasema ana vidonda vya tumbo na presha. Dada anauliza dawa ya presha anaona losartan, hajasema mimba ina miezi minne, na losartan kwa mjamzito haifai. Mimi nikikuuliza maswali matano hapa dirishani unakasirika unaona nakuchelewesha, kumbe hiyo ndo kazi yenyewe.

Au chukua mseto, ile dawa ya malaria. Kila mtu anajua asubuhi na jioni, ila dozi ya pili inatakiwa masaa 8 baada ya ile ya kwanza, ndo kuanzia siku ya pili unaenda kila masaa 12, na unywe na chakula chenye mafuta au maziwa, maana tumbo tupu dawa haifyonzwi vizuri. Na ukiwa unakunywa Panadol huku umechanganya na dawa ya mafua soma nyuma ya boksi, nyingi nazo zina paracetamol ndani, na mtu mzima hatakiwi kupita gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, vyote ukivijumlisha.

Insulini ya mama imeletwa na boda saa saba mchana, na umeme kwetu unakatika. Imeharibika?

Hili swali nalipenda. Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa nyuzi 2 mpaka 8, kwa hiyo ukiagiza sema kabisa waweke kwenye kibegi chenye barafu, barafu isiguse chupa moja kwa moja, kwa sababu ikiganda hiyo ndo basi, hata ikiyeyuka usimchome. Ila joto la masaa machache barabarani sio mwisho wa dunia. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wakimbizi kambi ya Dagahaley kule Dadaab, Kenya, linacheza kati ya nyuzi 25 na 37, wakaiweka insulini kwenye hali hiyo wiki 4 na ikabaki na nguvu karibu sawa na ya kwenye friji. Matokeo yalitoka 2021.

Kama hamna friji, mtungi wa udongo ndani ya mwingine, katikati mchanga uliolowa, chupa kwenye mfuko usiopitisha maji, weka kivulini. Dodoma kwenye hewa kavu unapoza vizuri, huku pwani na unyevu huu unapoza kiasi. Chupa ikishafunguliwa andika tarehe juu yake, nyingi ni wiki 4.

Hizo ndege zisizo na rubani zinazobeba dawa ni kweli au stori?

Kweli. Rwanda zinapeleka damu hospitali tangu 2016, na hapa kwetu 2018 zilijaribiwa kutoka Mwanza kwenda Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika kama 40 juu ya ziwa. Kwa kisiwani naelewa. Kwa Sinza boda anatosha.

Nikikutumia picha ya cheti unanipa dawa?

Picha nakuambia kama ipo na bei, usije bure. Antibayotiki nataka cheti chenyewe, maana picha moja inaweza kuzunguka famasi kumi. Na piga picha cheti chote sio kipande chenye jina la dawa tu, umri na uzito wa mtoto vimeandikwa pale juu na ndo navyovitafuta kwanza.